SOMO KWA MATAWI: MAKTABA MOJA, SHULE NYINGI



Mtoto wa mchuma chai au mkata miwa mara nyingi husoma katika shule ambayo kitabu kimoja hugombewa na dawati zima. Tumedai vitabu, na bado tunadai. Siku hizi lakini huletwa kompyuta. Mgeni rasmi hukata utepe, picha hupigwa, kisha kompyuta hufungiwa ofisini, eti hakuna intaneti. Tusiikubali sababu hiyo. Intaneti si lazima kila siku.

Mwaka 2012 vijana wa chuo kikuu huko San Diego, Marekani, walitengeneza programu iitwayo KA Lite, ili masomo ya Khan Academy yaonekane hata mahali pasipo na intaneti. Mwaka 2017 shirika lao, Learning Equality, likatoa nyingine, Kolibri, nayo ni ya bure. Kazi yake ni hivi. Kompyuta moja hupelekwa mjini penye intaneti, ikajazwa masomo, mazoezi na hadithi. Ikirudi shuleni huwa kama tangi la maji la kambi: kifaa kidogo hurusha mawimbi darasani, na simu au kompyuta zilizo karibu huchota humo bila kulipia hata senti moja ya bando. Shule ya jirani ikihitaji, kompyuta mbili huunganishwa na masomo yakanakiliwa. Tena tangi hili likichotwa halipungui.

Ndugu mmoja atauliza: kunakili si wizi? Ameuliza vema. Kuna vitabu ambavyo wenyewe wametoa ruhusa. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Mwalimu anaruhusiwa kuzichapa, kuzitafsiri na kuzigawa, mradi amtaje mwandishi. Anaweza pia kuandika yake, shule nyingine ikaitumia. Kitabu kisicho na ruhusa hiyo kisiguswe.

Sasa tuje kwenye jambo letu. Nani ataijaza kompyuta hiyo, ataitunza na kutafsiri hadithi usiku? Mwalimu. Sisi wa kiwandani tunaijua habari hii: mashine mpya ikiletwa bila saa za kujifunzia, mzigo humwangukia mfanyakazi, na ikiharibika yeye ndiye hulaumiwa. Saa hizo ni kazi. Zihesabiwe katika ratiba ya mwalimu au zilipwe.

Katika mkutano ujao wa tawi, jadilini haya: Je, shule ya watoto wetu ina kompyuta iliyofungiwa? Ufunguo anao nani? Umeme wa shule unatoka wapi, na mwajiri anachangia nini? Je, walimu wameulizwa? Mwalimu mmoja aalikwe mkutanoni, azungumze mwenyewe kabla kamati haijaandika barua kwa meneja.