Binamu Mwenye Kidole Kinachouma: Nilichojifunza Katika Mchezo wa Kifo



Leo tunaongea habari ya kifo. Najua wengine mmeshaanza kutafuta makala nyingine ya kusoma. Sikulaumu, hata mimi zamani ningefanya hivyo hivyo. Ila nakuomba ukae na mimi dakika chache, kwa sababu hii habari nilianza kuielewa kwa kichekesho.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, vijana wa parokia yetu tuliandaa mchezo wa jukwaani kwa ajili ya kuwakumbuka marehemu. Sista mlezi wetu alitafsiri na kufupisha mchezo wa zamani sana wa Uingereza unaoitwa Everyman. Sisi tuliuita “Kila Mtu”. Uliandikwa mwishoni mwa karne ya 15, na mpaka leo aliyeuandika hajulikani jina. Una mistari kama 900 tu, lakini umechezwa na kuchezwa tena. Hata kule Salzburg, Austria, toleo la Kijerumani lililoandikwa na Hugo von Hofmannsthal limekuwa likichezwa mbele ya kanisa kuu la mji tangu mwaka 1920.

Mimi nilitaka kuwa Kifo. Nilijiona kabisa na joho jeusi! Sista akanipa sehemu ya Binamu. Dakika mbili jukwaani, basi.

Mchezo wenyewe unasemaje?

Mungu anaona watu wamemsahau, wamezama katika mali na anasa. Anamtuma Kifo akamwite Kila Mtu aje kutoa hesabu ya maisha yake. Kifo anamkuta Kila Mtu hana habari, yuko kwenye mambo yake. Kila Mtu anajaribu kumhonga pauni elfu moja ili shauri liahirishwe. Kifo anakataa: hapokei dhahabu wala fedha, hata ya papa au mfalme. Anaomba miaka 12 aweke hesabu zake sawa, ananyimwa. Anaomba basi hata mpaka kesho, ananyimwa. Anachoruhusiwa ni kimoja tu: kutafuta mtu wa kumsindikiza.

Anaanza na Rafiki. Rafiki anaapa kwamba hatamwacha hata kama safari ni ya kwenda motoni. Akishaambiwa safari ni ya wapi, anageuka. Angekuwa tayari kwa kula, kunywa na starehe, hata kwa kumwua mtu, lakini siyo kwa hili. Hapo nilimkumbuka Mtume Petro usiku ule wa Alhamisi, jinsi alivyoahidi kwamba hatamkana Bwana hata ikibidi kufa naye (Mt 26:33-35). Tofauti ni kwamba Petro alirudi akalia.

Kisha anakuja Ndugu, na mimi Binamu nipo pembeni yake. Ndugu anakataa. Kila Mtu ananigeukia mimi. Nami nasema siwezi kwenda, kidole changu cha mguu kimebanwa na misuli.

Kwenye mazoezi ya kwanza watu walicheka mpaka Sista akafuta machozi. Nikaanza kuongeza madoido: nachechemea, nashika mguu wa kulia, halafu nasahau nashika wa kushoto. Yaani nikawa nyota wa mchezo.

Kicheko kilipoisha

Jioni moja ya mazoezi, nikiwa nachechemea pale jukwaani, nilimkumbuka mjomba wangu.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyenilipia ada kidato cha tano na cha sita. Miaka miwili kabla ya mchezo huu aliugua akalazwa. Mama akawa ananipigia simu: “Mwanangu, mjomba wako anakuulizia.” Hospitali ilikuwa mwendo wa daladala mbili kutoka nilipokuwa naishi. Mara ya kwanza nikasema nina mtihani, na kweli nilikuwa nao. Mara ya pili nikasema mvua kubwa. Mara ya tatu nikatuma shilingi elfu kumi kwa simu nikamwambia mama, “Mwambie anko nitakuja Jumamosi.”

Alifariki Alhamisi.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa harufu ya wodi, niliogopa kumwona mtu mzima aliyekuwa na nguvu zake akilishwa uji kwa kijiko. Niliogopa angeniuliza kitu nikakosa la kusema. Mtihani na mvua vilikuwa kidole changu cha mguu.

Na msibani je? Msibani nilikuwa wa kwanza! Nilipanga viti, nilikimbizana na turubai, nilikuwa kwenye kamati ya chakula, nikaweka picha yake kwenye status na maneno matamu. Watu wakasema, “Huyu kijana alimpenda sana mjomba wake.” Mama alinitazama tu, hakusema neno.

Jamani, hili ni letu wengi. Mgonjwa anakosa mtu wa kumshika mkono wiki tatu nzima, halafu akifa tunajaza mabasi mawili kwenda kuzika.

Maneno ambayo hakuna aliyeyasikia

Kuna jambo lingine. Binamu katika mchezo hasemi habari ya kidole tu. Kabla ya kuondoka anakiri kwamba yeye mwenyewe ana hesabu ambayo hajaiandaa. Kila tulipofanya mazoezi, maneno haya yalizama ndani ya kicheko. Watu walikuwa bado wanachekea kidole. Na mimi mwenyewe nilikuwa nayatamka haraka haraka ili nitoke jukwaani.

Sista alinisimamisha. Akaniuliza, “Hivi kweli umeelewa kwa nini Binamu haendi?” Nikasema ni mwoga. Akasema, “Ndiyo, lakini anaogopa nini?”

Nililala na swali hilo. Nadhani Binamu anaogopa kwa sababu akimsindikiza mwenzake mpaka kaburini, atalazimika kufungua na daftari lake mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Pale wodini ningemwona mjomba, na katika mjomba ningejiona mimi.

Ajabu ni kwamba Yoshua bin Sira alishaliona jambo hili zamani. Fungua sura ya 7, mstari wa 34 hadi wa 36. Kwanza anatuambia tuomboleze pamoja na wanaoomboleza. Mstari unaofuata anasema tusisite kumtembelea mgonjwa. Na mstari unaofuata tena anatuagiza tukumbuke mwisho wetu katika yote tunayotenda, ndipo tutaepuka dhambi. Mistari mitatu, bega kwa bega. Anayekwenda kwa mgonjwa anajifunza kuukumbuka mwisho wake, na anayeukumbuka mwisho wake hataona tabu kwenda kwa mgonjwa.

Aliyelala sakafuni

Turudi jukwaani. Baada ya ndugu, Kila Mtu anamwendea Mali. Mali anamwambia wazi: ungenipenda kwa kiasi na kunigawa kwa maskini, nisingekuwa mzigo kwako leo. Ni yule tajiri wa Luka 12:16-21 aliyepanga maghala makubwa na usiku ule ule akaitwa.

Ndipo anamkumbuka Matendo Mema. Yuko wapi? Amelala chini kwenye baridi, dhaifu, amefungwa na dhambi za Kila Mtu, hawezi kusimama. Yuko tayari kwenda naye, tena ndiye pekee aliye tayari, lakini hana miguu.

Hapa tuelewane vizuri, maana tunaulizwa sana: je, Wakatoliki tunafundisha kwamba mtu anajiokoa kwa matendo yake? Hapana. Ona mchezo unavyokwenda. Matendo Mema hawezi kujiinua mwenyewe. Dada yake, Maarifa, anamchukua Kila Mtu na kumpeleka kwa Maungamo. Kila Mtu anapiga magoti, anatubu, anapokea malipizi. Ndipo Matendo Mema anasimama, mzima kabisa! Huruma ya Mungu inatangulia. Kristo ndiye anayemwinua mtu kwa sakramenti ya Kitubio, na mema yetu yanapata uzima kutoka kwake.

Baada ya hapo Kila Mtu anatoa nusu ya mali yake kwa ajili ya maskini, kisha anakwenda kwa padre kupokea Ekaristi na Mpako Mtakatifu. Ndivyo Katekisimu ya Kanisa Katoliki inavyotufundisha katika namba 1525: Kitubio, Mpako wa Wagonjwa na Ekaristi kama chakula cha njiani ni sakramenti zinazotuandaa kwenda nyumbani kwa Baba.

Siku ya maonyesho nilitazama sehemu hii nikiwa nyuma ya pazia. Dada aliyeigiza Matendo Mema alikuwa amelala kwenye sakafu ya saruji tangu mwanzo wa mchezo, karibu dakika 40, wala hatukumjali. Alipoinuka, ukumbi ulinyamaza. Mimi nikasema moyoni: hakuwa amekufa. Alikuwa amelala tu, akisubiri.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. Kwa miaka miwili nilikuwa naungama mambo mengine yote na kuliruka hili la mjomba, nikijiambia kwamba kutokwenda hospitali siyo dhambi, ni ratiba tu. Safari hii nililisema kama lilivyo, bila mtihani na bila mvua.

Wanaobaki mpaka mlangoni

Kila Mtu anafika kaburini. Uzuri anaondoka, Nguvu anaondoka, Busara na Hisi Tano nao wanaondoka. Sisi vijana tuliangalie hili bila kujidanganya. Uso tunaoupiga picha kila siku, misuli ya mazoezi, akili ya darasani, vyote ni zawadi za Mungu, lakini vitaishia mlangoni. Maarifa anabaki mpaka mwisho, ila haingii. Anayeshuka naye kaburini ni Matendo Mema peke yake. Ni neno la Ufunuo 14:13, kwamba wanaokufa katika Bwana matendo yao hufuatana nao.

Na mjomba je? Nafasi ya kumshika mkono ilishapita, siwezi kuirudisha. Lakini imani yetu haituachi hapo. Yuda Makabayo alichanga fedha, drakma 2,000, akazipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliokufa, kwa kuwa aliamini ufufuko (2 Mak 12:43-46). Kanisa linaturuhusu, tangu tarehe 1 hadi 8 Novemba, kutembelea makaburi, kuwaombea marehemu na kuwapatia rehema kamili, tukitimiza masharti ya kawaida: Kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo uliojitenga na dhambi. Nilikwenda kaburini kwa mjomba nikiwa peke yangu. Sikupiga picha. Nilisali rozari, nikamwambia, “Anko, nimechelewa, lakini nimekuja.”

Tufanye nini sasa?

1. Kila usiku, kabla ya kulala, chunguza dhamiri yako kwa dakika tano. Usisubiri hesabu ya miaka yote.
2. Kama una dhambi ambayo umekuwa ukiiruka kwenye maungamo, ianze hiyo hiyo.
3. Uliza katika Jumuiya yenu nani ni mgonjwa au mzee asiyetoka. Nenda. Huna haja ya kuwa na la kusema, kaa tu. Kristo amesema tunalomtendea mdogo tunamtendea yeye (Mt 25:36-40).
4. Mgonjwa wa nyumbani kwenu akizidiwa, mwite padre mapema. Mpako siyo hati ya kifo, ni nguvu kwa mgonjwa.
5. Unaposali Salamu Maria, tulia kidogo mwishoni. Tunamwomba Mama atuombee katika nyakati mbili, sasa na saa ya kufa kwetu. Siku moja nyakati hizo mbili zitakuwa moja.

Maswali ya kutafakari

Kidole chako cha mguu ni kipi? Nani anakuulizia wiki hii, nawe umesema utakwenda Jumamosi?

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe hukukataa kushuka nasi mpaka kaburini. Utusamehe visingizio vyetu. Uyainue mema yaliyolala ndani yetu, utupe moyo wa kukaa karibu na wanaoteseka, na siku utakapotuita utukute tayari. Uwapokee marehemu wetu wote katika mwanga wako. Amina.

Amani ya Kristo iwe nanyi. Na kama kuna mtu wa kumtembelea leo, basi zima simu, uende.