Somo: Fomu Isiyompoteza Mwanachama



Siku hizi vikundi vingi vya maji, vya akina mama na vya kuweka na kukopa vinaacha daftari na kutumia ukurasa wa tovuti. Kazi ya kuutengeneza huwa inapewa kijana mmoja ambaye amesomea kompyuta. Somo hili ni lake. Lakini mwenyekiti na mweka hazina nao wasome, kwa sababu kosa likitokea ni wao watakaosimama mbele ya mkutano kujibu.

Tuanze na mfano. Kikundi cha maji kina ukurasa ambao mweka hazina huufungua kila mwisho wa mwezi. Unaonyesha majina ya wanachama, na kando ya kila jina kuna kisanduku cha kutia tiki: amelipa. Mwezi huu Achieng hajalipa. Barasa amelipa, na Chebet amelipa. Mweka hazina anatia tiki mbili, mahali panapofaa kabisa, kisha anabonyeza "Hifadhi". Kesho yake rekodi inasema Achieng na Barasa wamelipa, na Chebet ni mdaiwa. Fundi anatumwa kumkatia Chebet maji.

Mweka hazina hakukosea, wala hakuna mtu aliyeiba. Kosa limo ndani ya fomu yenyewe. Tutaona lilivyoingia.

1. KAZI NI MBILI, MAHALI NI PAWILI

Seva ni kama karani wa ofisini. Anaandika fomu, anaitia katika bahasha na kuituma. Ikishaondoka, yeye haoni tena kinachofanyika. Anaona tu kile kitakachorudi ndani ya bahasha.

Kivinjari kilicho kwenye simu au kompyuta yako ndicho kinachofungua bahasha na kukuonyesha fomu. Skripti ya JavaScript ni kama msaidizi aliyetumwa pamoja na hiyo fomu. Anakaa karibu na wewe, anakuambia "hapa umesahau", anajumlisha hesabu. JavaScript ilitengenezwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995. Mwaka huo huo Rasmus Lerdorf alitoa PHP kwa watu wote, na PHP inafanya kazi upande wa karani. Mifano yetu leo inatumia hizo mbili.

Shida nyingi za fomu hutokea mtu anaposahau nani yuko wapi.

2. "NAME" NA "ID" SI KITU KIMOJA

Kila kisanduku cha fomu kinaweza kuwa na majina mawili. "id" ni jina ambalo skripti hutumia kukitafuta ndani ya ukurasa. "name" ni jina linalosafiri kurudi kwa seva. Kisanduku kisicho na "name" hakitumwi kabisa, hata kama mtu amekijaza vizuri.

Seva ikichapa safu hamsini za wanachama, mtengenezaji asiyekuwa makini huipa kila safu id="kiasi". Skripti ikiuliza iko wapi "kiasi", inapewa ya kwanza tu. Mweka hazina anabadilisha kiasi cha mtu wa ishirini, na jumla haisogei. Kwa hiyo kila safu iwe na id yake: kiasi_14, kiasi_15, kulingana na namba ya mwanachama.

3. TIKI ISIYOWEKWA HAISEMI KITU

Hapa ndipo Chebet alipokatiwa maji. Fomu iliandikwa hivi kwa kila safu:

<input type="checkbox" name="amelipa[]" value="1">

Wengi hudhani kisanduku kisicho na tiki hutuma "hapana". La! Hakitumi chochote. Achieng hakutiwa tiki, basi safu yake ilinyamaza. Seva ilipokea tiki mbili tu zisizo na jina la mtu, ikazihesabu kuanzia juu: ya kwanza kwa Achieng, ya pili kwa Barasa. Chebet akabaki bila.

Dawa yake ni kuweka namba ya mwanachama ndani ya jina la kisanduku:

<input type="hidden" name="amelipa[14]" value="0">
<input type="checkbox" name="amelipa[14]" value="1">

Namba 14 ni ya mwanachama mwenyewe, si ya mstari. Hata orodha ikipangwa upya, tiki yake itamfuata. Ule mstari wa kwanza uliofichwa unatuma 0. Tiki ikiwekwa, 1 inakuja baadaye na PHP inachukua ile ya mwisho. Hivyo seva inaweza kutofautisha kati ya mtu ambaye hajalipa na mtu ambaye hakuwa kwenye ukurasa huo.

4. KISANDUKU KILICHOFUNGWA

Kuna njia mbili za kumzuia mtu asibadilishe kisanduku. Ya kwanza ni "disabled". Hii inakifunga, na thamani yake haitumwi kwa seva. Ya pili ni "readonly". Hii inazuia kuandika, lakini thamani inatumwa. Watu huzichanganya. Wanafunga kisanduku cha tarehe kwa "disabled" ili kisiguswe, kisha wanashangaa kwa nini tarehe inafika tupu.

Kumbuka pia kwamba "readonly" ni ya visanduku vya kuandikia. Haifanyi kazi kwa tiki wala kwa orodha ya kuchagua.

5. JINA LA NG'ANG'A

Hili ni la kwetu hasa. Majina yetu mengi yana ritifaa, ile alama ndogo ya ng'. Sasa tazama seva ikiandika jina ndani ya skripti bila kuliandaa:

var jina = 'Ng'ang'a';

Kivinjari kinaona jina limeishia kwenye "Ng", na kilichobaki hakina maana kwake. Skripti hiyo yote inakataa kufanya kazi. Jumla haionekani, kitufe hakiitikii. Fomu ilijaribiwa kwa jina la John ikafanya vizuri, kumbe Ng'ang'a akiingia inakufa. Na katika kisanduku kilichoandikwa value='Ng'ang'a', jina linakatwa na kubaki "Ng". Mweka hazina akihifadhi, mtu amepoteza jina lake kwenye rekodi.

Kuwaambia watu waandike "Nganga" si dawa. Jina la mtu ni lake, na fomu ndiyo inayopaswa kujirekebisha. Ndani ya HTML tumia htmlspecialchars kwa kila kitu unachochapa. Kuanzia PHP 8.1 inashughulikia ritifaa bila kuambiwa. Katika matoleo ya zamani ongeza ENT_QUOTES. Ndani ya skripti tumia json_encode pamoja na JSON_HEX_TAG, nayo itaweka alama za nukuu yenyewe.

Kuna sababu nyingine nzito. Mlango huo huo unaovunjwa na ritifaa kwa bahati mbaya, mtu mbaya anaweza kuupitia makusudi. Anaandika skripti yake mahali pa jina, na mweka hazina akifungua orodha, skripti hiyo inafanya kazi kwa mamlaka ya mweka hazina.

6. SKRIPTI IKAE WAPI

Kivinjari kinasoma ukurasa kutoka juu kwenda chini. Skripti ikiwa juu na kuanza kutafuta kisanduku ambacho bado hakijasomwa, itaambiwa hakuna. Iweke mwisho wa ukurasa. Au uiweke katika faili lake na kuliita kwa "defer", ili ingoje ukurasa usomwe wote.

Faili la peke yake lina faida nyingine. Kivinjari kinaweza kulihifadhi na kulitumia tena, na hiyo inamwokolea mwanachama bando. Kama skripti inahitaji habari kutoka kwa seva, usiitunge upya katika kila ukurasa. Weka habari hiyo kwenye kisanduku chenyewe, kwa mfano data-mwanachama="14", na skripti iisome hapo.

7. KUBONYEZA MARA MBILI

Mtandao ukiwa mzito, mtu hubonyeza "Lipa" akaona kimya, akabonyeza tena. Bahasha mbili zinaondoka. Kama seva haikujiandaa, mchango wa shilingi 300 unaandikwa mara mbili.

Skripti inaweza kufunga kitufe fomu inapoondoka. Fanya hivyo, inasaidia. Lakini usiitegemee peke yake, kwa sababu skripti huenda haikufika. Seva itie katika kila fomu namba ya siri ya kutumika mara moja tu. Bahasha ya pili ikija na namba ile ile, seva iseme: hii tumeshapokea. Na baada ya kuhifadhi, seva impeleke mtu kwenye ukurasa mwingine wa risiti, ili akiufungua upya asitume malipo tena.

8. MSAIDIZI SI MLINZI

Tumesema skripti ni msaidizi aliye nyumbani kwa mjazaji. Sasa fikiria: mwenye nyumba anaweza kumfukuza. Mtu anaweza kuzima JavaScript, au kutuma bahasha yake mwenyewe bila kufungua ukurasa wako. Hata sehemu iliyofichwa si siri. Yeyote anaweza kuangalia msimbo wa ukurasa akaiona, akabadilisha 300 kuwa 3.

Kwa hiyo kiasi cha kulipwa seva ikisome kutoka rekodi zake, si kutoka kwa fomu. Kila ukaguzi uliofanywa na skripti, seva iurudie. Tena ihakikishe kwamba aliyetuma ni mweka hazina kweli. Na kwa kuwa kilichofichwa kinaonekana, usiweke humo namba za vitambulisho. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kikundi kidogo nacho kina wajibu wa kutunza habari za watu.

Lakini ukaguzi usigeuke kuwa uonevu. Fomu nyingi zilifundishwa kwamba namba ya simu lazima ianze na 07. Siku hizi ziko pia za 01, na wengine huandika +254. Mtu mwenye namba halali anaambiwa "umekosea", naye hajakosea. Afadhali seva ipokee namna zote tatu, kisha yenyewe izipange kwa mtindo mmoja. Na mtu akikosea kweli, mrudishie fomu ikiwa na yale yote aliyokwisha jaza. Usimfanye mzee aanze upya kwa sababu ya tarakimu moja.

JARIBU KABLA YA KUWAPA WATU

Chukua nusu saa ufanye haya:
- Andika jina lenye ritifaa, uhifadhi, ulifungue tena. Je, limekaa vile vile?
- Tia tiki kwa mtu wa mwisho peke yake. Je, rekodi imemwendea yeye?
- Zima JavaScript kwenye kivinjari. Je, fomu bado inatumika?
- Bonyeza "Lipa" mara mbili haraka. Je, kuna malipo mangapi?
- Omba mtu mwenye simu ya bei nafuu ajaze fomu, nawe utazame bila kumsaidia.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Kama rekodi ya kompyuta na risiti ya mwanachama hazikubaliani, sisi tunaamini ipi, na kwa nini?
2. Nani kikundini, mbali na yule kijana, anajua fomu yetu inavyofanya kazi?
3. Kabla ya kumkatia mtu maji au kumnyima mkopo, je, kuna mtu anayemuuliza kwanza?

Swali la tatu lisirukwe. Fomu nzuri hupunguza makosa, lakini Chebet angeokolewa pia na mtu mmoja ambaye angempigia simu na kumuuliza, "Dada, mwezi huu umelipa?"