Mama amevunjika nyonga: apasuliwe, au alale apone?

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 78 na ana presha. Wiki iliyopita aliamka usiku kwenda chooni, akaanguka kizingitini. Tulidhani ameteguka tu, tukamkanda kwa maji ya moto siku mbili. Siku ya tatu tukampeleka hospitali ya wilaya, picha ikaonyesha nyonga imevunjika, tukapewa rufaa ya mkoani. Madaktari wanataka kumpasua. Mama anasema ameishi vya kutosha, hataki kisu. Wajomba wanasema mtu wa umri ule akipumzishwa kitandani mfupa utaunga wenyewe, na yupo fundi wa mifupa kijiji cha jirani. Mimi ndiye ninayemuuguza. Tufuate lipi? Na akipasuliwa, nimtunzeje? Macho yake nayo siku hizi yanaona ukungu. — Binti, Muheza, Tanga.

JIBU: Pole sana, dada, na umfikishie mama pole zangu. Nianze na jibu lenyewe, maana siku zinakwenda. Mama apasuliwe, ikiwa mwenyewe ataridhia na daktari wa usingizi akaona moyo na mapafu yake vinaruhusu. Na apasuliwe mapema kadiri hospitali inavyoweza.

Najua wajomba wanasema hivyo kwa kumwonea huruma dada yao. Kwetu mzee akiumia tunamlaza, tunamfunika, tunamletea kila kitu pale pale alipo, na kumsumbua tunaona ni dhambi. Kwa maradhi mengi hilo halina ubaya. Kwa nyonga iliyovunjika, huruma hiyo ndiyo inayomwondoa.

Mfupa wa paja kwa juu una kichwa cha duara, ukubwa wa limau hivi, kinachokaa ndani ya kikombe cha nyonga. Kichwa hicho kimeshikwa na shingo nyembamba, na sehemu kubwa ya damu inayokilisha hupitia kwenye shingo hiyo. Shingo ikikatika na vipande vikahama, kichwa hukosa damu. Hapo hakuna kukanda wala banzi litakalokirudisha. Siwadharau mafundi wa mifupa, wapo walionyoosha mikono ya vijana ikapona. Lakini nyonga imezikwa ndani ya nyama nyingi, hakuna pa kuifunga, na kila fundi akijaribu kuivuta mama ataongezewa maumivu na damu itazidi kuvujia ndani. Usimpeleke.

Ipo mivunjiko mingine, ya chini kidogo ya shingo, ambayo kweli inaweza kuunga mgonjwa akilazwa na mguu wake ukavutwa kwa uzito ulioning'inizwa mwisho wa kitanda. Pengine hiyo ndiyo wajomba waliyowahi kuiona. Ila inataka alale hivyo wiki sita hadi kumi na mbili. Fikiria mtu wa miaka 78 chali miezi miwili na nusu. Akilala hivyo hapumui kwa kina, makohozi yanatuama mapafuni na nimonia inaingia. Damu ya miguuni, ambayo husukumwa na misuli mtu anapotembea, inazubaa na kuganda; donge likichomoka likafika mapafuni, mgonjwa anaweza kukata roho katikati ya mazungumzo. Ngozi ya makalio na visigino inabanwa kati ya mfupa na godoro, na saa chache zinatosha kuanzisha kidonda kitakachochukua miezi kufunga. Misuli inanyauka. Hata mfupa ukija kuunga, anayeinuka kitandani siye yule aliyelazwa.

Kwa hiyo upasuaji huu haufanywi ili mfupa upendeze kwenye picha. Unafanywa ili mama aondoke kitandani. Uingereza mwongozo wao ni mzee wa namna hii apasuliwe siku aliyolazwa au inayofuata. Nyinyi mmeshapitisha hapo, na sikulaumu, watu wengi hukanda kwanza. Kuchelewa wiki hakujafunga mlango. Lakini wengine mnaosoma hapa, mzee akianguka akashindwa kukanyaga, mguu mmoja ukaonekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelalia nje, msimkande. Apigwe picha siku hiyo hiyo.

Ukweli mwingine lazima uujue kabla hamjaamua. Hata kwenye nchi zenye hospitali tajiri, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne wenye mvunjiko huu hafikishi mwaka. Upasuaji una hatari zake, na mama ana presha. Hata hivyo kulala bila kupasuliwa kuna hatari kubwa zaidi, na kuna maumivu ya kila anapogeuzwa.

Sasa mama mwenyewe. Ana akili zake timamu, kwa hiyo fomu ya ridhaa ataisaini yeye au ataweka dole gumba yeye. Si wewe, wala si wajomba. Kabla hujambembeleza, mkae wawili tu umuulize anachoogopa. Wazee wengi wanaoniambia "nimeishi vya kutosha" huwa wanamaanisha jambo jingine. Mmoja anaogopa nusu kaputi, kwamba atalala asiamke. Mwingine anataka kusema msiuze shamba la michungwa kwa ajili yangu. Hofu hizo zina majibu. Wazee wengi hupasuliwa nyonga kwa ganzi ya sindano ya mgongoni, bila kulazwa usingizi mzito, na kazi yenyewe kwa kawaida huchukua saa moja hadi mbili. Kama shingo imekatika na kuhama, daktari huondoa kile kichwa na kuweka cha chuma; kama ni chini ya shingo, hufunga kwa vyuma na skrubu. Mwombe daktari wa usingizi aje amweleze mama mwenyewe, ameketi kando ya kitanda chake, kwa sauti anayoisikia.

Kuhusu gharama, mama amepita miaka 60. Sera ya Taifa ya Wazee inataka wazee wasio na uwezo watibiwe bure kwenye vituo vya serikali. Vyuma na baadhi ya dawa vinaweza kukosekana, kwa hiyo usingoje siku ya upasuaji. Nenda leo ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitalini na kitambulisho chake. Ndugu nao wajiandae kuchangia damu, mara nyingi wataombwa.

Na akikataa baada ya kuelezwa yote hayo, heshimuni kauli yake. Bado atahitaji dawa za maumivu, kuketishwa, kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na mtu wa kumshika mkono.

Tuseme ameridhia. Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba kama anatumia, mkaziweke mezani kwa daktari. Usimwachishe dawa ya presha kwa kubuni. Uliza ipi ameze asubuhi ya upasuaji na ipi aache. Uliza pia ni lini aache kula na ni lini aache maji, kwa sababu nyakati hizo hazilingani, na nimeona wazee wakinyimwa hata tone la maji tangu jana yake jioni wakaingia chumba cha upasuaji midomo imepasuka. Kama upasuaji umeahirishwa, uliza mara moja kama anaweza kula.

Siku inayofuata upasuaji, jiandae, maana ndiyo itakayokuliza. Watakuja kumketisha, na ikiwezekana kumsimamisha kwa fremu ya kutembelea. Atapiga kelele, atakuita jina lako, atasema wanamuua. Usimwombee arudishwe kulala. Mwombe nesi ampe dawa ya maumivu nusu saa hivi kabla ya mazoezi, kisha simama mbele yake anapoweza kukuona usoni. Akipiga hatua mbili siku hiyo, ni kazi kubwa. Usimvute kwa mikono anapoinuka. Asukume mwenyewe kwa viganja kutoka kwenye kiti, ndipo ashike fremu.

Kuna jambo moja linalotisha familia kuliko kidonda chenyewe. Usiku wa pili au wa tatu mama anaweza kuchanganyikiwa. Namkumbuka mzee mmoja katika wodi niliyokuwa zamu. Mchana alikuwa akitaniana na wajukuu. Saa nane usiku aling'oa dripu, akawa anamwita mdogo wake aliyekufa miaka mingi, anaonyesha watu waliokaa darini. Wanawe wakaniambia hili si la hospitali, na mmoja alishapiga simu teksi ije kumchukua wampeleke kwao. Nesi wa zamu, mama wa makamo, hakubishana nao. Alifunua shuka akaweka kiganja chini ya kitovu cha mzee: tumbo limekaza kama ngoma. Mpira wa mkojo ulikuwa umetolewa asubuhi, na tangu hapo mzee hakuwa amekojoa, wala hakuna aliyemuuliza. Ukarudishwa, ikatoka zaidi ya lita moja. Kulipopambazuka alikuwa anauliza miwani yake iko wapi.

Kuchanganyikiwa kwa namna hiyo ni kawaida kwa wazee baada ya upasuaji, na karibu daima kuna chanzo cha kutafutwa: mkojo uliozuiwa, choo kigumu, homa, upungufu wa maji, maumivu yasiyotulizwa, au dawa fulani. Likitokea, mwite nesi hapo hapo, umwambie jana hakuwa hivi. Wewe ndiye unayeijua akili ya mama, wodi nzima hakuna mwingine. Usimkemee, usibishane naye kuhusu anachokiona. Mwambie upo, yuko hospitali, ni usiku, kutakucha. Kama anatumia miwani avae. Mchana asifungiwe gizani.

Kabla hamjarudi Muheza, tengeneza nyumba. Tazama kwanza mahali pa kuketi, kwa sababu maisha ya mama zetu yako chini: jamvini, kwenye kigoda, kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kama amewekewa kichwa cha chuma, kuketi chini hivyo, kuchuchumaa au kukunja nne kunaweza kukichomoa, hasa wiki sita hadi kumi na mbili za mwanzo. Muulize daktari aliyempasua makatazo yake hasa ni yapi, ayataje moja moja. Kiti kiwe kirefu, chenye mikono, magoti yakae chini ya nyonga. Kitanda kikiwa kifupi, kipandishe kwa matofali yaliyokaa imara. Akitaka kusali, asali kitini. Kama choo ni cha kuchuchumaa, mwite seremala akate tundu kwenye kiti cha mbao kizito, kisimame juu ya shimo, na usiku kiwekwe chumbani na ndoo chini yake. Viti vya plastiki vinateleza, viache.

Chakula, usimwekee uji mtupu eti ndio laini. Misuli na mshono vinataka mayai, maziwa, maharage, samaki. Dagaa waliosagwa wanaingia vizuri ndani ya uji huo huo. Papai na maji ya kutosha vitamsaidia choo. Akiandikiwa sindano za kuzuia damu kuganda, zinaweza kufika wiki nne au tano, na msizikatishe kwa kuwa anaonekana mzima. Maumivu yakibaki, fuata dawa ya hospitali. Usimnunulie diklofenaki ya duka la dawa la mtaani, kwa mtu wa umri wake mwenye presha inaweza kuumiza figo na kuipandisha presha yenyewe.

Mrudisheni hospitali bila kungoja kliniki akivimba pajani au kwenye shavu la mguu mmoja, akipata homa, mshono ukitoa usaha, au maumivu yakirudi ghafla na mguu ukaonekana mfupi tena. Pumzi ikimbana au kifua kikimchoma ghafla, hiyo ni ya saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Na wewe, dada, wagawie wajomba kazi. Mmoja alale naye wodini siku moja moja ili wewe ulale kwako. Anayesema apumzishwe ndiye apewe zamu ya kumtembeza barazani asubuhi na jioni, aone mwenyewe miguu inavyorudi.

Limebaki la kumkinga asianguke akavunjika tena, na humo limo lile la macho uliloliandika mwishoni kama la kuongezea tu. Mfupa unaovunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama ni mfupa uliokwisha kudhoofika, kwa hiyo muulize daktari dawa za kuuimarisha, maana kuna nyonga ya pili. Halafu weka taa ndogo njia ya chooni, ondoa kizingiti kama kinaondoleka. Na mama akishaweza kufika barazani kwa fremu yake, mpeleke kliniki ya macho. Ukungu kwa mtu wa miaka 78 mara nyingi ni mtoto wa jicho, unaondolewa kwa upasuaji mdogo, na huenda huo ndio uliomficha kizingiti usiku ule.