Dhamana ya Nyumba ya Kupanga

SUALA: Nimehama nyumba niliyoipanga Dubai. Mwenye nyumba amekata katika dhamana yangu gharama ya rangi iliyofifia. Je, ana haki?

JAWABU: Dhamana ni mali ya mpangaji iliyo mkononi mwa mwenye nyumba, si kodi. Sheria ya Dubai Namba 26 ya mwaka 2007, kifungu cha 20, yamlazimu airudishe, au kilichobaki, mkataba umalizikapo. Kifungu cha 21 chamtaka mpangaji airudishe nyumba kama alivyoipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida na uharibifu uliokuwa nje ya uwezo wake.

Basi rangi iliyofifia kwa jua na miaka haiko juu yako. Ama mlango uliovunjwa na mwanao uko juu yako. Ulipe wala usifiche.

Kwanza soma mkataba wako. Kisha mwandikie kwa upole, umtake hesabu ya kila alichokikata pamoja na risiti. Hifadhi picha za siku ya kuingia na ya kutoka. Akikataa, peleka shauri kwenye kituo cha serikali cha migogoro ya upangaji, kilichoanzishwa mwaka 2013.

Kudai haki si ugomvi, wala kukiri kosa si udhalili.