Kufundisha Ufuatiliaji wa Homa ya Mafua

Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, ilikuwa kwa miaka mingi makao ya utafiti wa malaria, kazi iliyodai kuhesabu kwa subira. Homa ya mafua nayo hufuatiliwa vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani limeelekeza ahesabiwe mgonjwa mwenye kikohozi na homa ya nyuzi 38 au zaidi, ambaye ugonjwa wake umeanza katika siku 10 zilizopita.

Tuwaongoze wanafunzi wetu wahesabu kila wiki wenzao waliokosa shule kwa kikohozi na homa, bila kutaja majina, kisha wachore grafu. Tusisitize jambo moja: wiki isiyohesabiwa iachwe wazi, isiandikwe sifuri. Sifuri ya uongo huficha mlipuko, na zahanati huchelewa kujiandaa.