Namna ya Kusoma Gazeti Ukiwa Mpakani

Mkazi wa Busia ana nafasi ambayo wa Nairobi au Kampala hana. Asubuhi moja anaweza kununua New Vision upande wa Uganda, akavuka kwa miguu, akanunua Taifa Leo au The Standard upande wa Kenya. Wa Tororo naye ana mpaka wa Malaba. Lakini magazeti mawili mkononi hayamsaidii kitu asiyejua ni ya nani.

Kwa hiyo kabla ya kichwa cha habari, uliza mwenye gazeti. New Vision ilianza 1986, mwaka ambao Rais Museveni aliingia madarakani, na hadi leo serikali ndiyo yenye hisa nyingi. Kampuni hiyohiyo imetoa Bukedde kwa Kiganda na Etop kwa Kiateso, kwa hiyo aliyehama kutoka moja kwenda jingine alibadilisha lugha tu. Daily Monitor ilianzishwa 1992 na waandishi waliotaka gazeti lisilo mkononi mwa serikali, na serikali imewahi kulifunga kwa siku kadhaa, Oktoba 2002 na tena Mei 2013. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya hisa zake ilinunuliwa na Nation Media Group ya Nairobi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu husoma Monitor ng'ambo hii, akasoma Daily Nation au Taifa Leo ng'ambo ile, akadhani amesikia mashahidi wawili, kumbe wote wametoka nyumba moja. Ukitaka shahidi wa pili, iweke Monitor kando ya New Vision, na Nation kando ya Standard.

Uliza pia kama mwenye gazeti amebadilika. The People la Kenya lilianzishwa na mwanasiasa Kenneth Matiba miaka ya 1990, alipokuwa akipambana na Rais Moi. Baadaye likaingia katika kampuni inayohusishwa na familia ya Kenyatta. Msomaji aliyeendelea kulisoma kwa imani ya zamani alikuwa amepotea. Nayo KANU, chama tawala cha Kenya wakati huo, ilinunua gazeti lake 1983, ikaliita Kenya Times, kisha ikaingia ubia na Robert Maxwell, mwenye Daily Mirror ya London na mbunge wa zamani wa chama cha Labour. Mtu wa Labour kwao, mshirika wa utawala wa chama kimoja kwetu! Jengo la ghorofa 60 walilotaka kulisimamisha kwenye bustani ya Uhuru Park, Nairobi, lilikwama kwa sababu mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alisimama imara mwaka 1989. Ukikutana na tajiri wa magazeti, basi, tazama anafanya biashara na nani hapa, usihangaike sana na chama chake cha nyumbani.

Uingereza gazeti hutangaza kwenye tahariri linaunga mkono nani. The Sun lilitoka kwa Conservative likamfuata Tony Blair 1997, na wasomaji wakaambiwa waziwazi. Kwetu ni nadra kuambiwa, kwa hiyo fungua kurasa za ndani. Angalia zabuni za wizara, matangazo ya kaunti na wilaya, na salamu za pongezi kwa rais siku za sikukuu. Gazeti linaloishi kwa fedha hizo hufikiri mara mbili kabla ya kumgusa anayezilipa.

Kisha chukua kalamu. Katika habari ya mkutano wa upinzani uliovunjwa, mathalani, pigia mstari vitenzi. Gazeti moja litasema polisi "walituliza ghasia", jingine "walivamia mkutano". Moja litaandika mbunge "alisema", jingine "alidai". Andika pembeni yale tu ambayo magazeti yote mawili yanakubaliana: mahali, saa, waliokamatwa. Hayo ndiyo ya kuwasimulia wenzako kwenye steji ya bodaboda. Mengine yasubiri.

Usidhani gazeti la jirani halina upande. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, malori yakakwama mpakani, na baada ya siku chache zuio likalegezwa kwa masharti. Kwa Mkenya hiyo ilikuwa habari ya afya; kwa Mganda, ya soko na mkulima aliyekosa mnunuzi. Zote mbili zilikuwa kweli, na mfanyabiashara wa Sofia, hapo Busia, aliyesoma upande mmoja tu alijua nusu ya jambo lililomgusa mfukoni. Upendeleo huo ni wa nchi, hauna chama, na ni mgumu zaidi kuuona kwa sababu unakubaliana nao.

Redio iulize maswali hayohayo, kwani vituo vingi vya Uganda ni mali ya wanasiasa. Kenya inapiga kura Agosti 2027, kwa hiyo wewe wa Busia na wewe wa Tororo, nunueni magazeti mawili kwa pamoja, mgawane gharama, na kalamu isikose.