"Mbwa Kali" au "Mbwa Mkali"? Ustawi wa Mbwa na Paka Katika Kitengela na Kajiado

1. Utangulizi

Katika mitaa mingi ya Kitengela, lango la nyumba huwa na kibao chenye maneno mawili: "Mbwa Kali". Mwanafunzi wa sarufi huliona kosa mara moja. Katika Kiswahili sanifu, nomino za viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA, hata pale ambapo umbo lake ni la ngeli nyingine. Kwa hiyo ilipasa kuandikwa "mbwa mkali". Neno "kali" lisilo na kiambishi huandamana na vitu: pilipili kali, dawa kali. Kosa hili halimzuii mpita njia kulielewa onyo, na katika Kiswahili cha mitaani limekwisha kuzoeleka. Hata hivyo, lina funzo. Kibao kimemweka mbwa katika kundi la vitu, sawa na kufuli na seng'enge, na mara nyingi hivyo ndivyo anavyotunzwa nyuma ya lango.

Makala haya yanajadili ustawi wa mbwa na paka katika Kitengela na sehemu nyingine za Kaunti ya Kajiado. Yanafafanua kwanza mazingira ya ufugaji na dhana ya ustawi, kisha yanaeleza sifa za aina zinazopendwa, uhusiano wa ustawi na afya ya binadamu, na nafasi ya sheria. Hoja kuu ni kwamba ustawi huanza kwa kuijua asili ya mnyama, na kwamba anayeipuuza asili hiyo humdhuru mnyama, kisha hujidhuru mwenyewe na jirani yake.

2. Mazingira ya ufugaji

Kitengela iko kusini mwa jiji la Nairobi, kando ya barabara iendayo Namanga. Kwa miaka mingi eneo hili lilikuwa malisho ya mifugo ya Wamaasai, na pia njia ya wanyamapori watokao katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Mji umekua kwa kasi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika kaunti nzima, na Kitengela pekee ilikuwa na zaidi ya watu 150,000.

Kutokana na mabadiliko hayo, pana namna mbili za kufuga mbwa zinazoishi bega kwa bega. Ya kwanza ni ya boma la wafugaji. Hapo mbwa, aitwaye oldia kwa Kimaa, hulala nje karibu na zizi na hubweka anaponusa fisi au chui. Ana kazi, ana nafasi, na ana wenzake. Anachokosa mara nyingi ni chanjo na dawa ya minyoo. Ya pili ni ya ploti ya mjini. Hapo mbwa hununuliwa kwa sababu ya hofu ya wezi au kwa sababu ya fahari. Mchana kutwa hufungiwa katika kibanda cha mabati, na usiku hufunguliwa ili alinde. Huyu huenda amechanjwa, lakini amenyimwa maisha ya mbwa.

3. Dhana ya ustawi

Ustawi wa mnyama ni zaidi ya kushiba. Mwaka 1965, nchini Uingereza, kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell ilitoa ripoti kuhusu hali ya mifugo iliyofungiwa mabandani. Kutokana na kazi hiyo, uhuru wa aina tano ulikuja kubainishwa, nao hutumiwa hadi leo kupima hali ya mnyama yeyote anayefugwa: uhuru kutokana na njaa na kiu, kutokana na makao duni, kutokana na maumivu, majeraha na maradhi, kutokana na hofu na dhiki, na uhuru wa kutenda yaliyo ya asili yake.

Uhuru huo wa mwisho ndio usahaulikao zaidi. Sahani iliyojaa huonekana kwa macho. Asili haionekani mpaka mtu ajifunze. Ndiyo maana elimu kuhusu aina za mbwa na paka si jambo la anasa.

4. Sifa za aina za mbwa

German Shepherd, yaani mbwa mchungaji wa Kijerumani, ni maarufu sana katika nyumba za Kenya. Uzao huu uliasisiwa nchini Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, aliyetaka mbwa hodari wa kuchunga kondoo. Ni mwepisi wa kufunzwa, mwaminifu, na mwenye nguvu nyingi. Manyoya yake ni ya tabaka mbili, hivyo huhitaji kivuli na maji wakati wa jua la Kajiado. Aidha, huelekea kupata kasoro ya maungio ya nyonga, ambayo huzidi pale anapozalishwa kiholela.

Rottweiler alipata jina lake kutoka mji wa Rottweil, Ujerumani, ambako alisukuma ng'ombe kuelekea sokoni na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama. Ni mzito, jasiri, na hushikamana sana na watu wake. Asipozoeshwa watu na wanyama wengine tangu utotoni, nguvu zake huwa hatari. Boerboel wa Afrika Kusini, mlinzi wa mashamba, ni mkubwa zaidi na huhitaji mfugaji mzoefu mwenye uwanja mpana.

Spitz wa Kijapani ni mdogo, mweupe, na mwenye manyoya mengi. Alikuzwa nchini Japani katika miaka ya 1920 na 1930 ili aandamane na watu nyumbani. Hubweka haraka na hupenda kuwa karibu na jamaa. Kumfungia peke yake ni kumtesa. Labrador, ambaye mababu zake waliwasaidia wavuvi wa Newfoundland, ni mpole kwa watoto, lakini hunenepa kupita kiasi akilishwa bila mazoezi.

Mbwa wa kienyeji, ambaye wengi humwita koko kwa dharau, hana cheti cha nasaba. Pamoja na hayo, amezoea joto, chakula haba na maradhi ya mazingira yake kuliko wageni wengi, naye hufunzika na hulinda vizuri. Anayemdharau kwa kukosa jina la kigeni huacha mlinzi anayemfaa na kununua mgonjwa.

Hapa kuna jambo la kuzingatiwa. German Shepherd na Rottweiler wote wawili walikuzwa kwa kazi ya mifugo. Wamefika Kajiado, nchi ya wafugaji, lakini wengi wao wamefungiwa mahali wasipoweza kutembea hata hatua kumi. Ukali unaotokana na kifungo hicho si ulinzi. Mbwa aliyezoea kifungo na hofu hawezi kumtambua mwizi na mgeni. Humrukia yeyote, hata mtoto wa nyumba. Wahenga walisema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Tabia ya mbwa, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya mikono ya mwenyewe.

5. Sifa za aina za paka

Paka wa nyumbani alitokana na paka mwitu wa Afrika, ambaye hadi leo huishi katika nyika za Afrika Mashariki. Paka wa kienyeji hajaachana mbali na asili hiyo: ni mwindaji, hupenda mahali pa juu, na hufunika kinyesi chake. Kwa hiyo, paka anayefungiwa ndani huhitaji sanduku la mchanga safi, mahali pa kupanda na kitu cha kukwaruza.

Paka wa Kiajemi ana manyoya marefu na uso bapa. Ni mtulivu, lakini huhitaji kuchanwa manyoya kila siku, macho yake hutiririka machozi, na baadhi yao hupumua kwa shida. Paka wa Siam ni mwembamba, mwenye macho ya buluu na sauti kubwa. Huhuzunika akiachwa peke yake. Kenya nayo ina uzao wake: paka wa Sokoke, kutoka eneo la msitu wa Arabuko-Sokoke katika pwani, ambaye manyoya yake yana mabaka kama gome la mti. Alianza kufugwa kwa nasaba maalumu mwaka 1978.

Kosa la kawaida ni kumlisha paka ugali na maziwa. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubishi kinachopatikana katika nyama na samaki. Akiikosa, hupofuka au moyo wake hudhoofika. Maziwa nayo huwaharisha paka wengi waliokomaa. Omena na matumbo yaliyopikwa humfaa zaidi.

6. Ustawi wa mnyama na afya ya binadamu

Kisa cha kwanza kuthibitishwa cha kichaa cha mbwa nchini Kenya kilikuwa cha mwaka 1912, karibu na Nairobi. Zaidi ya karne moja baadaye, ugonjwa huu bado unaua. Dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na wengi wa wanaokufa duniani huwa wameumwa na mbwa. Wakati huohuo, ni ugonjwa unaozuilika kabisa. Wataalamu wanakadiria kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, maambukizi hukatika. Kenya ilizindua mpango wa kutokomeza vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu katika kipindi cha mwaka 2014 hadi 2030.

Aliyeumwa anapaswa kuosha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitalini kupata chanjo siku hiyohiyo. Kusubiri kuona kama mbwa atakufa ni kucheza na uhai.

Hasara haiishii kwa binadamu. Mwaka 1994, virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi walitajwa kuwa chanzo. Kwa Kitengela, inayopakana na makao ya simba, sindano anayodungwa mbwa wa boma humlinda pia mnyamapori.

7. Nafasi ya sheria

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, huharamisha kumpiga na kumtesa mnyama. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hiyo Kaunti ya Kajiado ina wajibu wa kikatiba katika suala hili. Lakini sheria haiingii ndani ya kila lango. Kuwaua mbwa wa mitaani ovyo nako hakuondoi kichaa cha mbwa, kwa kuwa nafasi zao hujazwa upesi na wengine ambao hawajachanjwa. Chanjo na kufunga uzazi ndizo njia zenye manufaa ya kudumu.

8. Hitimisho na mapendekezo

Imebainika kwamba mbwa na paka hawateseki kwa ukatili wa makusudi tu. Wengi huteseka kwa kutojulikana. Inapendekezwa kwamba anayetaka mnyama aulize kwanza uzao huo ulikuzwa kwa kazi gani na katika hali gani ya hewa, kisha apime nafasi, muda na kipato chake. Kila mbwa na paka achanjwe dhidi ya kichaa anapofika miezi mitatu na kila mwaka baadaye, apewe dawa ya minyoo, na afungwe uzazi iwapo hakukusudiwa kuzaa. Mbwa wa ulinzi atembezwe kila siku. Shule nazo ziwafundishe watoto kutomkaribia mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha.

Kibao cha langoni ni rahisi kusahihishwa. Herufi moja inatosha. Kazi kubwa ni kumtendea mbwa aliye nyuma yake kwa kadiri ya upatanisho huo, yaani kama kiumbe mwenye uhai.